Kasia Lisilotoka Majini

Kwa miaka kumi nilikuwa nikiufungua mhadhara wangu wa kwanza wa historia ya teknolojia kwa jina la James Watt. Wanafunzi wa mwaka wa pili waliandika: hataza ya mwaka 1769, mtambo wa mvuke, migodi ya Uingereza, kisha meli, kisha reli. Yote yaliyotangulia niliyamaliza kwa sentensi moja, kwamba kabla ya mvuke binadamu alitegemea misuli yake, wanyama, maji na upepo. Sentensi hiyo si ya uongo. Ubaya wake ni kwamba humwacha msikilizaji akiamini kuwa misuli haina elimu, na kwamba fikra iliingia duniani pamoja na bomba la mvuke. Nililitambua kosa langu mahali nisipopatarajia: nimesimama kwenye tezi ya mashua ndogo, ugenini, mikono yote miwili imeng'ang'ania mpini wa kasia, na chombo kinazunguka kama pia mbele ya macho ya watalii.

Ilikuwa Zhujiajiao, mji wa mifereji ulio magharibi ya Shanghai, ambako mwanafunzi wangu wa zamani anayesomea shahada ya uzamivu alinipeleka siku ya mapumziko baada ya kongamano. Mji huo una daraja la mawe lenye matao matano, Fangsheng, lililojengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1571, na chini yake hupita mashua za mbao zinazobeba wageni. Kila mashua ina mtu mmoja tu aliyesimama nyuma, na kasia moja tu. Hapigi maji kushoto wala kulia. Anausukuma na kuuvuta mpini kukingama chombo, kama mtu anayetikisa mlango mzito, na mashua inakwenda mbele mfululizo bila kishindo. Mimi ni mtoto wa pwani. Nimekulia Mafia nikipiga kafi na kusukuma pondo katika ngalawa ya baba mdogo, nami najua watu wanavyohangaika upepo unapokatika na tanga likalegea. Nikamwomba mzee mwenye mashua anipishe. Kijana wangu akatafsiri kwa wasiwasi. "Mwalimu, watu wanatutazama," akaninong'oneza.

Mara ya kwanza kasia lilichomoka kwenye egemeo lake. Mara ya pili bapa likapanda juu ya maji. Mara ya tatu tukagonga ukingo wa mawe. Mzee hakukasirika. Aliutoa mkono wangu mmoja kwenye mpini, akauweka juu ya kamba iliyofungwa hapo, akasema kwamba nilikuwa nikishughulika na mti na kuisahau kamba.

Kasia hilo Wachina huliita lu. Huko Ulaya limejulikana kwa jina la yuloh, na jina hilo lenyewe ni ushahidi wa namna wageni wanavyosikiliza, kwa sababu maneno yao lu maana yake ni kulitikisa lu. Ni kitendo, nao wakakifanya kitu. Wasomaji wa pwani hawatashangaa. Jahazi, mashua, sambuki na mtepe, kila kimoja na umbo lake na mafundi wake, vyote vilitiwa na Waingereza katika neno moja, na hadi leo ndilo tunalolisoma katika vitabu vyao.

Lu halifanani na kasia letu. Ni refu na zito. Kwa mashua ya mita saba huweza kufika mita nne au tano. Mti wake haukunyooka. Hutengenezwa kwa vipande viwili, bapa na mpini, vilivyounganishwa ili kasia zima lipinde kidogo, mpini ukishuka kuelekea kiunoni mwa mvutaji badala ya kupaa kichwani mwake. Upande wa chini kuna kigogo kilichochongwa kishimo. Kishimo hicho hukaa juu ya kipini cha chuma chenye kichwa cha mviringo, kilichokitwa kwenye tezi. Hakuna kileti wala kishwara. Kasia limeketi tu kwa uzito wake, na huweza kuinuliwa mara moja likalazwa ndani ya chombo. Kisha ipo kamba: ncha moja kwenye mpini, ncha ya pili kwenye pete iliyopigiliwa sakafuni, na urefu wake umepimwa ili mpini usipande kupita mahali pa kazi.

Mvutaji anapousukuma mpini upande mmoja, bapa lililo majini huenda upande wa pili likiwa limelala kwa pembe. Maji hulisukuma bapa, na kwa sababu ya pembe ile sehemu ya msukumo huelekea mbele ya chombo. Mwendo unapofika mwisho, mkono ulioshika kamba huvuta au hulegeza, bapa hubadili pembe, mpini hurudi, na msukumo huelekea mbele tena. Kwa kuwa kasia limepinda, nguvu ya kamba haipiti katikati ya mhimili wa mti bali kando yake, na ndiyo maana bapa hugeuka karibu bila ya mtu kupinda kiganja. Kamba hiyo hiyo huishikilia chini ncha ya mpini inayotaka kupanda, mzigo ambao usipobebwa na kamba utabebwa na mabega. Kasia letu hufanya kazi nusu ya muda, na nusu nyingine husafiri hewani. Lu halitoki majini. Hufanya kazi linapokwenda na linaporudi, kama mkia wa samaki, na papo hapo ni usukani. Wavuvi wa Brittany, Ufaransa, nao wana kasia la tezi, wanaliita godille, lakini hilo limenyooka, halina kamba, na kazi yote ya kuligeuza imeachiwa kifundo cha mkono. Wachina husema kwamba lu moja ni sawa na makasia matatu. Hata tukipunguza chumvi ya msemo, katika mfereji mwembamba au bandari iliyosongamana lina faida ambayo makasia ya ubavuni hayawezi kuwa nayo: halihitaji nafasi pembeni.

Umri wake ni mkubwa. Kamusi ya Liu Xi iitwayo Shiming, iliyoandikwa karibu na mwaka 200 baada ya Kristo, inalitaja lu na kulieleza jina lake kwa kulifananisha na neno lenye maana ya uti wa mgongo, kwa hoja kwamba ni nguvu za mgongo ndizo zinazoupeleka mtumbwi. Karne tisa baadaye mchoraji Zhang Zeduan, katika ule mchoro mrefu wa kukunjwa unaoonyesha maisha ya kando ya mto wakati wa sikukuu ya Qingming, alichora vyombo vya mizigo vyenye makasia marefu yanayoshikwa na watu kadhaa kwa pamoja. Mchoro huo umehifadhiwa katika Makumbusho ya Kasri huko Beijing, na nakala zake zimesambaa kila mahali, hata kwenye vikombe vya chai.

Lakini jina la aliyelibuni lu halipo popote. Watt tunalo jina lake, tarehe ya hataza yake, na sanamu zake. Aliyegundua kwamba mti uliopinda kidogo na kamba iliyopimwa vinaweza kuifanyia kazi akili ya mkono hana hata kaburi. Ni rahisi kuwalaumu Wazungu kwa hili, na kwa miaka mingi lawama hiyo imekuwa chakula chetu cha kila siku katika vyumba vya mihadhara. Safari hii lawama inaanzia nyumbani kwa lu lenyewe.

Katika China ya wafalme, njia ya kuingia katika dola ilikuwa mtihani, na mtihani ulikuwa wa kalamu na vitabu vya kale. Walioandika hawakuvuta lu, na waliovuta lu hawakuandika. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa watu wa Dan wa pwani za Guangdong na Fujian, waliozaliwa, wakaoa na kuzeeka ndani ya vyombo. Kwa vizazi vingi walizuiliwa kukaa nchi kavu, kuoana na watu wa nchi kavu na kufanya mtihani wa serikali. Mwaka 1729 mfalme Yongzheng alitoa amri ya kuwaruhusu wahamie ufukoni, ila dharau haikuondoka kwa amri. Wanawake wao, ambao miguu yao haikufungwa kama ya wanawake wengi wa nchi kavu, ndio waliovusha abiria na mizigo Guangzhou na baadaye Hong Kong, wamesimama tezini, mtoto mgongoni, mkono mmoja kwenye mpini na mwingine kwenye kamba. Mtaalamu aliandika asili ya neno. Mwanamke wa Dan alijua kamba ilegezwe lini. Elimu hizi mbili ziliishi katika bandari moja kwa zaidi ya miaka elfu bila kukaa meza moja.

Kisha mvuke ukafika, nao ulifika kwa mizinga. Mnamo Januari 1841, katika Vita vya kwanza vya Kasumba, meli ya chuma ya Waingereza iliyoitwa Nemesis ilishiriki kuteketeza majahazi ya kivita ya Wachina kwenye mdomo wa mto uelekeao Guangzhou. Mwaka uliofuata Mkataba wa Nanjing ulifungua bandari tano kwa nguvu, Shanghai ikiwa mojawapo. Tangu hapo msafiri wa Ulaya aliyesimama juu ya sitaha ya meli akitazama sampani chini yake hakuhitaji kuambiwa nani yuko mbele na nani yuko nyuma.

Hapa historia ina kejeli ambayo siwezi kuipita. Nemesis ilisukumwa na magurudumu mawili ya ubavuni, yenye mbao zilizoyachapa maji, zikatoka, zikapita hewani na kurudi kuyachapa tena. Yaani lilikuwa kasia la kawaida lililoshonewa mvuke. Miaka minne baadaye, Aprili 1845, jeshi la majini la Uingereza lilizifunga meli mbili tezi kwa tezi ili zivutane: Alecto ya magurudumu na Rattler ya rafadha. Rattler iliiburuta mwenzake kinyumenyume. Rafadha ni bapa lililolala kwa pembe, lisilotoka majini, lisilopoteza muda hewani. Mwingereza Edward Shorter, aliyepata hataza ya rafadha yake mwaka 1800, aliiita kwa jina linalomaanisha mashine ya kulitikisa kasia la tezi bila kukoma. Na mwaka 1802 meli ya mizigo Doncaster ilisogezwa nayo, watu wanane wakizungusha duara. Sidai kwamba Shorter aliiga lu, maana Waingereza nao walikuwa na kasia lao la tezi. Ninachosema ni kwamba siku Nemesis ilipokuwa ikifyatua mizinga, kanuni ambayo meli za kivita za Ulaya zingeihamia muda si mrefu ilikuwa tayari imejaa katika mto ule, mikononi mwa wanawake waliokuwa wakikimbiza watoto wao wasifikiwe na moto.

Nani basi aliyetuhifadhia maelezo ya kina ya lu na vyombo vyake? Jibu lilinikera nilipolipata, na bado linanikera. Ni ofisi ya ushuru. Idara ya Forodha ya Bahari ya China ilianzia Shanghai mwaka 1854 na ikaongozwa na wageni kwa karibu karne nzima. Robert Hart, mzaliwa wa Ireland, alikuwa Mkaguzi Mkuu wake kuanzia 1863 hadi 1911. Baada ya uasi wa Yihetuan, mataifa ya nje yaliitoza China fidia ya taeli milioni 450 mwaka 1901, na mapato ya forodha yakawekwa rehani kuilipa. Idara hiyo hiyo, iliyozikagua mashua ili kodi ifike kwa wadai, ndiyo iliyomwajiri G. R. G. Worcester, ofisa aliyetumia miaka kuvipima na kuvichora vyombo vya mto Yangtze, mbao kwa mbao, makasia yakiwemo. Kitabu chake kikubwa kilichapishwa na Forodha huko Shanghai katika majuzuu mawili, 1947 na 1948. Mkubwa wake wa zamani, Frederick Maze, mpwa wa Hart, aliagiza mifano midogo ya majahazi na sampani, na mkusanyo huo ukapelekwa katika Makumbusho ya Sayansi ya London. Nimevitazama vielelezo vya Worcester kwa muda mrefu. Ni kazi ya mtu aliyependa alichokiona, na sina moyo wa kumbeza. Ila kila ninapofunua ukurasa hukumbuka kwamba kalamu ilikuja ikifuatana na stakabadhi.

Joseph Needham wa Cambridge alipofikia mambo ya bahari katika kazi yake kubwa juu ya sayansi na ustaarabu wa China, sehemu iliyotoka mwaka 1971, alilipa lu nafasi ya heshima na kumtegemea Worcester kwa mengi. Needham ndiye aliyeuliza swali mashuhuri: kwa nini sayansi ya kisasa ilizaliwa Ulaya na si China, iliyokuwa imetangulia kwa mengi? Majibu yameandikwa mengi. Mimi, nikiwa na malengelenge ya kamba viganjani, nashawishika kuongeza jibu dogo kwenye foleni: jamii iliyomzuia mvuta lu kufanya mtihani ilikuwa imejizuia yenyewe kumuuliza mvuta lu anajua nini. Na Ulaya ilipopata majibu yake, baadhi yalitoka kwa watu wa karakana walioruhusiwa kukaa karibu na maprofesa. Watt mwenyewe alikuwa fundi wa vyombo vya vipimo katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Jambo hilo nalo nililipita kwa miaka kumi bila kulitilia mkazo.

Lu halikufa. Leo wapo wenye mashua ndogo za tanga, Ulaya na Marekani, waliochoshwa na kelele na harufu ya mafuta, ambao wameng'oa injini na kujichongea lu kwa mbao zilizogundishwa. Upepo ukifa, hulishusha lu tezini na kuingia bandarini kwa mwendo wa maili mbili hivi za bahari kwa saa. Wanakutana na matatizo ya kweli. Tezi za mashua zao ziko juu mno kutoka majini, usukani wao umekaa mahali ambapo kipini kingetakiwa kukaa, na upepo wa mbele ukizidi hakuna mgongo unaoushinda. Hatua ya kupinda kwa mti na urefu wa kamba hubidi kutafutwa kwa kujaribu na kukosea, hadi bapa likubali kugeuka lenyewe. Hujifunza upya, kwa vidole, kile ambacho mtoto wa Dan alikijua kabla ya kuota meno ya pili.

Naomba nisieleweke vibaya, maana najua namna wasomi tunavyopenda kuyaonea wivu maisha tusiyoyaishi. Nilimuuliza mzee wa Zhujiajiao kama alihuzunika injini zilipoingia mifereji ya utotoni mwake. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama alihuzunika kupona homa. Baba yake, alisema, alibeba matofali kwa lu mchana kutwa, na alipofika miaka hamsini hakuweza tena kuinama. Sasa yeye huvuta watalii dakika ishirini kwa zamu, kwa kuwa wao hawataki injini, wanataka picha. Kisha akarudi kwenye kamba, akatupitisha chini ya tao la katikati bila kugusa jiwe.

Katika hotuba za ushirikiano wa China na Afrika, zile zinazosomwa kwenye uzinduzi wa madaraja na viwanja vya michezo, twiga wa Malindi aliyefikishwa kwa mfalme wa Ming mwaka 1415 hakosi kutajwa, pamoja na amiri Zheng He na meli zake kubwa. Nimeketi katika hafla za namna hiyo na kupiga makofi. Ni historia ya wakubwa kupeana zawadi, na ni historia ya kweli. Hakuna aliyewahi kupanda jukwaani akamtaja mvuta kasia wa upande wowote wa bahari.

Mwaka huu nimemhamishia Watt mhadhara wa tatu. Fundi seremala wa mtaani kwetu alinichongea lu la mita moja kwa mti wa mvule, kwa kufuata picha nilizompa, na akanitoza zaidi aliposikia kwamba ni la kufundishia chuo kikuu. Mwenzangu mmoja wa idara aliniuliza kama nimegeuka mwalimu wa kazi za mikono. Nililipeleka darasani nikalizungusha kutoka mkono hadi mkono, na wengi walilitazama kwa adabu na kulipitisha. Msichana mmoja wa Kilwa, ambaye baba yake ana mashua, hakulipitisha. Alilipindua, akatia kidole kwenye kishimo, akaivuta kamba mara mbili tatu akitazama bapa linavyogeuka. Kisha akauliza, kwa kuwa sisi usukani tunauning'iniza katikati ya tezi, hicho kipini tutakikita wapi?

Nikamwita ubaoni achore tezi ya mashua ya baba yake. Mwenzake wa Pemba akasimama kupinga mchoro. Kipini kikasogezwa kulia, kikarudishwa kushoto, kikafutwa, na kengele ya kipindi ikalia hakijapata mahali.